Trekta Lililonuka Mawese

Kiangazi cha mwaka 1994, asubuhi za kijiji cha Kidahwe, mkoani Kigoma, zilikuwa za baridi. Honorata akiamka, kwanza aliwasha moto, kisha akaweka chupa ya mawese karibu na mafiga. Usiku mawese yaliganda. Yasipopata joto, hayatoki chupani hata uyabembeleze. Yakiyeyuka, Honorata aliunga maharage yake na nyumba nzima ikanukia.

Mume wake, Gasper, aliliona jambo hilo kila siku. Alikaa kwenye kigoda akinywa uji, chupa ikiwa mbele ya macho yake. Lakini mtu anaweza kuona jambo miaka kumi asijifunze kitu. Gasper alikuwa mmoja wa watu hao. Tusimcheke sana, maana baadaye alijuta mwenyewe kuliko sisi tutakavyomlaumu.

Gasper alikuwa dereva wa trekta la kijiji. Lilikuwa moja tu, tena kuukuu. Msimu wa mvua lililima. Kiangazi lilivuta tela lenye tangi la maji.

Miaka ile wakimbizi walikuwa wengi. Walikimbia vita Burundi, wengine wakavuka mpaka kwa miguu, wengine wakavuka ziwa. Baadhi yao walipumzishwa kwenye uwanja mmoja karibu na kijiji, wakingoja malori ya kuwapeleka kambini Kasulu. Uwanjani hapakuwa na kisima. Maji safi yalitoka kwenye chemchemi ya bondeni, na aliyeyapandisha ni Gasper. Alijivunia sana kazi hiyo. Watoto walipolisikia trekta walipiga kelele, "Amazi! Amazi!" yaani maji, naye kifua kikamjaa.

Nyuma ya tela alisimama Pastory. Huyu alikuwa mkimbizi, mtu mpole, wa umri kama wa Gasper. Kazi yake ilikuwa kufungua bomba la tangi na kupanga foleni. Gasper alisema Kiha, Pastory alisema Kirundi, na lugha hizo ni ndugu. Hawakuhitaji mkalimani.

"Amahoro, Gasper." Ndiyo salamu yao, maana yake amani.

"Amahoro, ndugu yangu. Panda twende."

Mwezi wa tano, gia boksi ya trekta ilianza kulia. Mwanzo ilinung'unika, halafu ikasaga. Pastory aliisikia.

"Gasper, hiyo sauti si nzuri. Huko ndani oili ipo?"

"Wewe fungua bomba," Gasper akamjibu. "Trekta niachie mimi. Nalijua kama kiganja changu."

Oili ilikuwa imepungua, na Gasper alijua. Sili moja, ule mpira wa kuzuia oili isitoke, ilikuwa ikivuja siku nyingi. Utaratibu ulikuwa kupeleka taarifa mjini Kigoma, kwa fundi wa zana za kilimo. Lakini Gasper alikuwa amekwisha kukitangazia kijiji kizima kwamba yeye ni dereva na fundi. Sasa aende mjini kuomba msaada? Aliona haya. Kuuliza si ujinga, wazee wamesema, lakini kwa mwenye majivuno kuuliza ni kama kuvuliwa nguo.

Basi siku moja alichukua jagi, akaenda kwenye dumu la mawese la mke wake. "Mafuta ni mafuta," alijiambia. "Tena haya mazito. Yatanyamazisha meno ya gia."

Aliyamimina kwenye gia boksi, na kelele zikapungua kweli. Gasper alifurahi. Wiki iliyofuata aliongeza jagi jingine, na jingine.

Jioni moja Honorata alilitikisa dumu. "Nani anamwaga mawese yangu?" aliuliza kwa ukali. "Diana! Ni wewe?"

Diana alikuwa binti yao wa miaka kumi. "Si mimi, mama."

"Kama si wewe, ni paka?" Honorata alimchapa fimbo mbili. Gasper alikuwa papo hapo. Alitazama pembeni, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Baada ya siku chache gia ya pili ikaanza kuruka. Gasper akiiweka, inatoka yenyewe. Hapo tena hakuuliza mtu. Alikata mpira wa tyubu ya baiskeli, akaufunga kwenye mkono wa gia na kuuvuta mpaka kwenye kiti. Gia ikakaa kwa nguvu. Asubuhi baridi ikizidi na gia ikigoma kabisa kuingia, aliwasha moto wa nyasi chini ya gia boksi. Ni bahati tu kwamba hakuliunguza trekta pamoja na yeye mwenyewe.

Siku ya Jumanne alipanda kilima cha uwanjani, tangi likiwa limejaa. Akina mama walilifuata tela kwa nyuma na ndoo zao, kama siku zote. Katikati ya kilima mpira ukakatika. Gia ikaruka. Trekta likakosa nguvu, na tela zito likaanza kulivuta kurudi nyuma.

Gasper alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Magurudumu yaliteleza kwenye changarawe. Akina mama walipiga yowe, wakatupa ndoo na kukimbia. Pastory aliruka chini, akanyakua jiwe kubwa na kulisukuma chini ya gurudumu la tela. Tela likasimama. Ndoo mbili zilipondeka, na kidole kimoja cha Pastory pia. Hakuna mwingine aliyeumia.

Gasper alishuka. Unadhani alifanya nini kwanza? Hakukimbilia kidole cha Pastory. Aliufungua ule mpira kwenye mkono wa gia, akautia mfukoni.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Bonaventura, alifika akihema. "Kumetokea nini hapa?"

Gasper alifungua mdomo, na uongo ukatoka kabla hajaupima. "Mzee, wakimbizi walining'inia kwenye tela. Walikuwa wengi mno. Uzito umevunja gia. Pastory ndiye aliyewaruhusu."

Pastory alimtazama. Alikuwa amekishika kidole chake kwa kitambaa, na damu ikidondoka. Mtu aliye ugenini, tena mkimbizi, ataanza wapi kubishana na dereva wa kijiji?

"Basi," alisema mwenyekiti. "Trekta likipona litalima tu. Maji watajitekea wenyewe. Na wewe Pastory, kazi yako imekwisha."

Tangu siku hiyo watu wa uwanjani walichota maji kwenye kijito cha karibu. Yalikuwa machafu. Baada ya siku mbili watoto wakaanza kuharisha. Akina mama walipita mbele ya nyumba ya Gasper wakiwabeba mgongoni kwenda zahanati. Gasper aliwaona, akazunguka nyuma ya nyumba na kukaa huko mpaka wapite. Alijua kwamba neno moja kutoka kwake lingewarudishia maji, na neno hilo hakuweza kulitoa.

Siku ya nne fundi aliyeitwa na mwenyekiti alikuja kutoka mjini. Alikuwa mwanamke, jina lake Elinipa, Mpare kutoka Same aliyehamishiwa Kigoma kikazi. Aliishi Katubuka, na huko mjini wengi walimwita Mama Spana. Alivaa ovaroli iliyofifia. Hakuwa na maneno mengi.

"Bwana Gasper, kabla sijagusa kitu, nieleze. Gia ilianza kuruka lini?"

"Siku ile ile ya ajali, Mama."

"Kabla ya hapo haikulia?"

"Haikulia."

Elinipa alitikisa kichwa polepole. "Gia haifi ghafla. Kwanza hulalamika. Haya, tutaiuliza yenyewe. Lete maji na brashi, tuoshe nje. Ukifungua gia boksi chafu, mchanga huingia ndani, na mchanga ni msasa."

Waliosha. Waliweka magogo mbele na nyuma ya magurudumu. Elinipa akasogeza beseni chini ya gia boksi, akachukua spana.

"Mama, acha nimwage mimi," Gasper alisema haraka. "Wewe pumzika, chai inakuja."

"Ikija nitakunywa," alijibu Elinipa, akafungua boliti ya kumwagia oili.

Hakuna kilichotoka. Aliingiza kijiti, akachokonoa. Bonge likadondoka kwenye beseni. Lilikuwa jekundu lenye weusi. Kisha likaja jingine. Harufu ya mawese yaliyochacha ikajaa kote.

Wakati huo huo Honorata alifika na chupa ya chai. Alisimama, akanusa. Alichungulia ndani ya beseni, kisha akamtazama mumewe.

"Baba Diana," alisema taratibu, "hayo si mawese ya dumu langu?"

Gasper aliokota brashi, akaanza kusugua gurudumu lililokwisha kuoshwa.

"Na mimi nikamchapa mtoto. Ukiwa umekaa pale pale." Honorata aliweka chai chini, akaondoka bila kugeuka.

Masikio ya Gasper yaliwaka. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Afadhali mke wake angemtukana mbele ya watu kuliko kuondoka kimya namna ile.

Elinipa hakucheka. Alichota kidogo kwa kidole. "Bwana Gasper, mkeo anapika na mawese. Asubuhi hufanyaje?"

"Huweka chupa karibu na moto."

"Kwa nini?"

"Yameganda."

"Sasa ndani ya gia boksi, nani anaziwekea beringi moto? Injini ikiwaka, mawese yaliyoganda hayazifikii. Gia zinasagana kavu. Yakipata joto la kazi yanakuwa mepesi kama maji, hayawezi kuzuia jino lisigusane na jino. Yakikaa yanachacha na kunata, na chuma kinaliwa. Najua kelele zilipungua, kwa sababu yaliziba mlio. Ugonjwa uliendelea."

Alitoa sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu, akaipitisha ndani ya beseni. Ilitoka na vipande vya chuma. "Ukikuta ungaunga mweusi, huo ni uchakavu wa kawaida. Ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha kama hivi, simamisha trekta siku hiyo hiyo."

Kisha alifungua mfuniko wa juu. Alionyesha meno ya gia ya pili, yamelika ncha. Alionyesha uma unaoisukuma gia, umelika upande mmoja. Akaushika mkono wa gia, akapitisha kidole mahali palipong'aa.

"Hapa palifungwa kitu. Ukiufunga mkono wa gia, au ukiuegemea unapoendesha, uma unasuguana na gia kutwa nzima. Ndio maana umelika."

Gasper aliingiza mkono mfukoni, akautoa mpira wa tyubu. Aliuweka kwenye mfuniko.

"Na wale wakimbizi walioning'inia?" Elinipa aliuliza. "Mwenyekiti ameniandikia hivyo."

Gasper aliinama. "Hawakuwepo. Alikuwapo Pastory tu, mahali pake pa siku zote."

Elinipa alifuta mikono. "Mwenyekiti anakuja saa kumi. Nitamweleza gia ilivyoharibika. Lakini habari za Pastory siwezi kuzisema mimi, sikuwepo. Mficha uchi hazai, Bwana Gasper. Hii gia tutaitengeneza. Hilo lingine ni lako."

Gasper alikwenda nyumbani. Diana alikuwa anafagia uwanja wa nyumba.

"Mwanangu, yale mawese nilichukua mimi."

Diana aliendelea kufagia. "Najua, baba. Nilikuona na jagi."

"Mbona hukumwambia mama?"

"Niliogopa utaaibika."

Gasper alikaa kwenye kigoda chake. Alijifunika uso kwa mikono. Mtoto wa miaka kumi alikuwa amebeba fimbo zake ili yeye asiaibike. Na yeye, mtu mzima, alimtwika aibu yake mtu aliyepondeka kidole akiokoa watu.

Saa kumi watu walikusanyika kwenye ghala la kijiji. Pastory alisimama nyuma kabisa, kidole kimefungwa. Elinipa alieleza habari za gia kwa ufupi. Alipotaja mawese, kijana mmoja alipaza sauti, "Kumbe trekta limekaangwa!" Watu wakaangua kicheko.

Gasper alisimama katikati ya kicheko hicho. "Niliyetia mawese ni mimi," alisema. "Na niliyefunga gia kwa mpira ni mimi. Hakuna mkimbizi aliyening'inia. Nilisema uongo. Pastory alizuia tela kwa mikono yake, nami nikamlipa kwa kumsingizia. Watoto wanaharisha kwa sababu yangu."

Kicheko kilikatika. Sasa Gasper alitamani wacheke.

"Kwa nini, Gasper?" aliuliza mwenyekiti.

"Kwa aibu, mzee. Nilijiita fundi."

Mzee Bonaventura alinyoosha mkono. "Lete ufunguo." Gasper akampa. Mzee alimgeukia Elinipa. "Unahitaji nini?"

"Vipuri nitaviagiza mjini. Mkono wa kufanya kazi ni wake. Ameharibu, sasa atengeneze, mimi nikimwongoza."

"Sawa. Na maji yatarudi uwanjani. Pastory, utarudi kazini?"

Watu waligeuka. Pastory alisogea mbele, akasema, "Nitarudi, mzee. Lakini na mimi nifundishwe kupima oili. Siku nyingine mtu akisema nimevunja gia, niwe na la kujibu."

"Vizuri," alisema mwenyekiti. "Ufunguo utakaa kwangu. Kila asubuhi Pastory atapima oili kwanza. Akisema hapana, trekta halitoki."

Kazi ilichukua siku tano, na siku hizo zote kijiji kiliwaazima watu wa uwanjani punda watatu wa kubebea maji ya chemchemi. Ili kuifikia beringi, ilibidi trekta litenganishwe katikati. Elinipa hakuwa na haraka. "Jeki huinua tu," alisema. "Kushikilia ni kazi ya magogo. Mtu asiingie chini ya trekta lililosimama kwa jeki peke yake." Kila boliti iliyofunguliwa Gasper aliiweka kwenye kopo lake, na kila kopo alama yake. Waliosha ndani kwa dizeli mpaka harufu ya mawese ikaisha. Waliweka beringi mpya, gia ya pili mpya, uma mpya na springi ya kuishikilia gia. Sili iliyovuja wakaibadilisha, na gasketi inayoziba maungio pia. Mwisho Gasper alimimina oili nzito ya gia, ile inayotajwa katika kitabu cha trekta, hadi kwenye alama.

"Baada ya siku chache za kazi tutaimwaga hii," Elinipa alisema. "Itakuwa imebeba uchafu uliobaki. Na wewe, kanyaga klachi mpaka mwisho ndipo uingize gia. Ikianza kulia tena, nitumie salamu siku hiyo hiyo."

"Nitakutumia, Mama. Hata ikikohoa tu."

Asubuhi ya sita Pastory alilikuta trekta limesimama mahali pa tambarare, injini imezimwa. Alichomoa kijiti cha kupimia, kama Elinipa alivyomfundisha, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha na kukichomoa tena. Alikitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Gasper alingoja, kofia mkononi.

"Iko kwenye alama," alisema Pastory. "Nenda kachukue ufunguo."

Trekta lilipanda kilima kwa gia ya pili, na gia haikuruka. "Amazi! Amazi!" watoto walipiga kelele. Wiki ile kuharisha kulipungua. Gasper hakupunga mkono. Aliangalia barabara.

Miezi mitatu Pastory alipima oili kila siku. Mara moja tu aliikuta pungufu, akasema hapana, na Gasper akageuka bila kubisha. Mwezi wa tisa malori yalikuja kuwachukua watu kwenda Kasulu. Asubuhi ile Pastory alipima kwa mara ya mwisho, akamkabidhi Gasper kitambaa.

"Kidole kinaendeleaje?" Gasper aliuliza.

"Baridi ikija kinauma."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Ulisema mbele ya watu wote, nikasikia," alisema Pastory. Alipanda lori, akageuka. "Usisahau kukifuta kijiti kwanza, la sivyo kitakudanganya."

Tangu hapo, kila asubuhi Honorata huweka chupa karibu na mafiga, na mawese yakiyeyuka nyumba nzima hunukia. Diana humtazama baba yake, akitabasamu. Gasper huweka chini bakuli kabla uji haujaisha, masikio yakimwaka, akachukua kitambaa cha Pastory na kwenda kupima oili.